SILABI HUFUNGUA MLANGO, MOFIMU HUINGIZA NDANI: UBONGO WA MTOTO NA USOMAJI WA KISWAHILI

Wahenga walinena kuwa mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii aghalabu hutumiwa kuhusu malezi ya nyumbani, lakini mwalimu wa lugha naye anaweza kuitumia kupimia kazi yake: mtoto aliyefundishwa kusoma nusu atakua akisoma nusu. Nilitanabahi jambo hili nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika darasa la Gredi ya Saba. Nilimwomba mwanafunzi mmoja asome aya ya kwanza ya taarifa fupi. Alisoma kwa sauti ya kusikika, silabi baada ya silabi: "Wa-ki-mbi-zi wa-li-po-wa-si-li ka-mbi-ni wa-li-pe-wa ma-ji." Hakukosea hata silabi moja. Nilipomuuliza aya ile ilihusu nini, alinyamaza, akakitazama kitabu, kisha akaanza kuisoma upya kutoka mwanzo, vilevile silabi baada ya silabi.

Majilisini walimu walikuwa na majibu tayari. Mmoja alisema ni uvivu. Wa pili akailaumu Sheng. Wa tatu akasema hao ndio watoto wa siku hizi. Makala haya yanapinga majibu hayo yote matatu. Hoja yangu ni kuwa mtoto yule alifundishwa nusu ya kwanza ya usomaji wa Kiswahili, na alifundishwa vizuri. Nusu ya pili hakufundishwa na yeyote. Aidha, ujuzi unaohitajika ili kuifundisha nusu hiyo ya pili ni uleule tunaousoma sisi katika kozi za fonolojia na mofolojia, kisha tukauacha katika karatasi za mitihani. Taaluma ya ubongo inatusaidia kuona kwa nini mambo yako hivyo.

Kusoma si kama kusema

Mtoto hujifunza kusema bila ya kuwekewa mwalimu. Awe amezaliwa Kisauni, Kibera au Kakuma, mradi wapo watu wanaosema naye, atasema. Kusoma si hivyo. Maandishi yana umri wa miaka ipatayo 5,000 tu, muda mfupi mno kwa ubongo wa binadamu kuumbika upya kwa ajili yake. Mwanasayansi Mfaransa Stanislas Dehaene, katika kitabu chake kuhusu usomaji na ubongo kilichotoka mwaka 2007, anaeleza kuwa ubongo hauna sehemu iliyozaliwa kuwa ya kusomea. Kinachotokea ni kuwa sehemu ya nyuma ya upande wa kushoto, ambayo tangu zamani ilihusika na kutambua maumbo ya vitu na nyuso za watu, huazimwa na kufunzwa kazi mpya ya kutambua herufi, kisha ikaunganishwa na sehemu zilizokwisha kuzoea sauti na maana za lugha. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha watu wazima wa Brazil na Ureno, wakiwemo wasiojua kusoma na waliojifunza ukubwani. Ilibainika kuwa hata aliyejifunza akiwa mtu mzima ubongo wake hubadilika. Hivi ni kusema kuwa kusoma ni njia inayochongwa, na mchongaji wake ni mwalimu.

Ukweli huu unafafanua makosa ambayo tumezoea kuyaadhibu. Chukua mfano wa mtoto anayeona neno "baba" akasoma "dada." Kwa macho yaliyozoea vitu, kikombe ni kikombe, kishikio chake kielekee kushoto au kulia. Herufi b na d ni umbo moja lililogeuzwa, na ubongo wa mtoto, kwa tabia yake ya asili, huziona kama kitu kimoja. Mtoto huyo si mjinga. Anatumia kanuni iliyomfaa maisha yake yote mpaka siku alipoingia darasani. Kinachohitajika ni mwalimu kuzifundisha herufi hizo mbalimbali, wiki kadhaa zikipita kati yake, huku mkono ukiandika na mdomo ukitamka. Ajabu ni kuwa vitabu vingi vya kuanzia humwekea mtoto "baba" na "dada" katika ukurasa mmoja.

Tujihadhari na uvumi

Kabla ya kuendelea, ni vyema tuondoe magugu. Neno "ubongo" limekuwa na soko kubwa katika semina za walimu, na si kila kinachouzwa kwa jina hilo ni sayansi. Tumeambiwa kuwa wapo wanafunzi wa ubongo wa kushoto na wa ubongo wa kulia. Kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Kwamba mtoto mmoja hujifunza kwa macho, mwingine kwa masikio, mwingine kwa mikono, na kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Kauli mbili za kwanza hazina msingi. Kuhusu ya tatu, Pashler na wenzake (2008) walipitia tafiti zilizokuwapo na hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa kufundisha kwa kufuata mgawanyo huo kunamfaidi mwanafunzi. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji macho, masikio, mdomo na mkono vifanye kazi pamoja, kwa kuwa kusoma kwenyewe ni kuunganisha kinachoonwa na kinachosikika. Mwalimu mwenye wanafunzi sabini asijitwishe mzigo wa kuwapanga katika makundi ambayo hayapo.

Neema ya tahajia yetu

Kiswahili kina neema ambayo lugha nyingi hazina. Irabu zetu ni tano, na kila moja hutamkwa kwa namna moja. Silabi nyingi huishia kwa irabu. Herufi nayo, isipokuwa katika hali chache, haibadilishi sauti yake kutoka neno moja hadi jingine. Seymour, Aro na Erskine (2003) walilinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa kujifunza kusoma. Watoto wa Finland, ambao tahajia ya lugha yao ni nyoofu kama yetu, walisoma sawasawa takriban asilimia 98 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Watoto wa Scotland waliosoma Kiingereza walipata takriban asilimia 34. Si kwamba watoto wa Scotland wana akili pungufu. Tahajia ya Kiingereza ndiyo iliyo na mapindi.

Kwa mantiki hii, mtoto wa Kenya anayefundishwa vizuri angeweza kuyafumbua maandishi ya Kiswahili mapema sana, kisha akautumia ujuzi huo kama ngazi ya kukwelea lugha nyingine. Badala yake, katika shule nyingi mtoto hukutana kwanza na majina ya herufi kwa Kiingereza. Anafundishwa kuwa a ni "ei" na i ni "ai." Akija katika kipindi cha Kiswahili anaambiwa asome "ia," naye kwa haki kabisa anajiuliza amwamini nani. Njia ya ba, be, bi, bo, bu, ambayo wengine huicheka kuwa ni ya kizamani, iliwiana na umbo la lugha yetu kabla hata ya wanasayansi kuupiga ubongo picha. Silabi ndiyo inayosikika wazi katika sikio la msemaji wa Kiswahili, na ndiyo mlango wa kuingilia.

Hata hivyo, neema hii isitulevye. Alcock na Ngorosho (2003), waliochunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania, walionya kuwa kujifunza kuandika lugha yenye tahajia nyoofu si kazi ndogo. Mtoto lazima atofautishe ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe". Lazima ajue kuwa m ya "mtu" ni silabi inayojisimamia ilhali m ya "mbali" imeungana na b. Haya hayajifundishi.

Silabi inapofika kikomo

Sasa turejee kwa mwanafunzi wangu. Sentensi aliyoisoma ina maneno matano na silabi kumi na tisa. Mwaka 1956 George Miller aliandika makala mashuhuri akidai kuwa akili ya binadamu inaweza kushika vitu vipatavyo saba kwa wakati mmoja. Nelson Cowan (2001) ameipunguza idadi hiyo hadi karibu vinne. Hiyo ndiyo kumbukumbu tendaji, yaani ile meza ndogo ambayo akili huweka juu yake kile inachokifanyia kazi sasa hivi. Helen Abadzi, katika kitabu kilichotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2006, alisisitiza kuwa anayesoma polepole mno huifikia nukta ya sentensi akiwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Mtoto anayeweka silabi kumi na tisa juu ya meza ya vitu vichache hana budi kudondosha. Mwanafunzi wangu hakukosa akili, alikosa nafasi.

Je, nafasi hupatikanaje? Kwa kufunga vitu vidogo katika mafungu yenye maana. Hapa ndipo mofolojia ya Kiswahili inapoingia. Tazama silabi "wa" katika sentensi ile. Imejitokeza mara tano, ikifanya kazi nne. Katika "wakimbizi" ni alama ya ngeli. Mwanzoni mwa "walipowasili" na "walipewa" ni upatanisho wa kitenzi na mtenda au mtendwa. Katika "-wasili" ni sehemu ya mzizi wenyewe. Mwishoni mwa "walipewa" inabeba kauli ya kutendwa. Kwa anayesoma silabi tupu, hizo tano ni kitu kimoja kinachorudiwarudiwa. Kwa anayesoma mofimu, "walipo-" ni fungu moja lenye nafsi, wakati na hali, na "-wasili" ni fungu la pili. Silabi sita zimekuwa vitu viwili, na meza imepata nafasi ya kuwekea maana.

Lugha yetu imekwisha kuirahisisha safari hii. Viambishi vingi vya mwanzo wa kitenzi vina silabi moja moja: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, -na-, -li-, -ta-, -me-. Mtoto aliyejua kusoma "tu" na "li" amekwisha kushika vipande vya maana bila ya kujua. Kilichosalia ni mwalimu kumwonyesha. Ugumu uko upande wa mzizi. Katika "soma," "somea," "someka" na "somesha," silabi ya kwanza ni so-, lakini mzizi ni som-. Mkato wa silabi unauficha mzizi. Mtoto asipoonyeshwa kuwa maneno hayo ni ndugu, ataanza upya kila anapokutana nayo, kana kwamba hawajawahi kuonana.

Kauli hii ina athari pia kwa namna tunavyopima usomaji. Kipimo kinachotumiwa sana ni idadi ya maneno kwa dakika. Katika mradi wa Tusome, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2015, kigezo cha msomaji fasaha kilikuwa maneno 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Tofauti hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa sentensi yetu ya maneno matano mfasiri akiiweka kwa Kiingereza itahitaji kumi au zaidi. Lakini mzazi anayezitazama tarakimu hizo bila maelezo atadhani kuwa mwanawe ni hodari wa Kiingereza na dhaifu wa Kiswahili. Ni wajibu wa wanaisimu kulieleza jambo hili.

Ya kufanya darasani

Mambo manne yanaweza kufanywa bila mashine wala fedha nyingi. Kwanza, sauti zitangulie herufi. Mtoto wa chekechea apige makofi akihesabu silabi za jina lake, ataje maneno yanayoanza kwa sauti moja, acheze vitendawili na nyimbo zenye vina. Sisi tunaofundishwa arudhi tunajua kuwa mshairi wa tarbia hupima mizani nane katika ukwapi na nane katika utao. Kumbe kuhesabu mizani ni zoezi lilelile ambalo watafiti wa usomaji huliita ufahamu wa sauti za lugha.

Pili, herufi zifundishwe kwa sauti zake na kwa mpangilio: irabu, kisha konsonanti nyepesi, kisha miambatano, na zile zinazofanana zitenganishwe. Tatu, mtoto akishaweza kusoma silabi, aletewe familia za maneno. Vipande vya katoni viandikwe "tulipo-," "walipo-," "nitaka-," na vingine viandikwe "-fika," "-soma," "-lala." Mtoto aviunganishe, asome, kisha aseme maana yake. Akiunganisha "nitaka-" na "-lala" apate "nitakalala," darasa litacheka, na kicheko hicho ni mafunzo: sikio limekataa kile ambacho jicho lilikikubali.

Nne, marudio yagawanywe. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake mwaka 1885, inajulikana kuwa kilichosomwa kwa mkupuo husahaulika upesi, na kilichorudiwa baada ya muda hudumu. Roediger na Karpicke (2006) wameongeza kuwa kujitahidi kukumbuka huimarisha kumbukumbu kuliko kusoma tena. Dakika kumi na tano kila siku, zikianza kwa maswali kuhusu ya jana na ya juma lililopita, zitamfaa mtoto kuliko saa mbili za Ijumaa.

Pingamizi

Yamkini msomaji atapinga kuwa hii ni kasumba ya kukariri, na kwamba mtoto apewe hadithi tamu ajifunze kusoma kwa kuzipenda. Ninakubali nusu ya hoja hiyo. Gough na Tunmer (1986) walieleza usomaji kuwa ni zao la vitu viwili: kuyafumbua maandishi na kuielewa lugha yenyewe. Ni kuzidisha, wala si kujumlisha. Kimoja kikiwa sufuri, zao ni sufuri. Mtoto wa Lodwar ambaye hajasikia Kiswahili cha kutosha anaweza kutamka kila silabi na asielewe lolote, na tiba yake si silabi zaidi bali ni masimulizi, mazungumzo na msamiati. Lakini hadithi tamu haiwezi kumfaa asiyeweza kuifumbua. Aipendaye hadithi kwa kusomewa tu atabaki mgeni wa msomaji mwingine.

Wapo pia watakaosema kuwa madarasa yamefurika tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo mwaka 2003. Ni kweli. Hata hivyo, tathmini za Tusome zilionyesha kuwa, katika shule hizohizo za umma, mtoto akipewa kitabu chake na mwalimu akipewa mwongozo na mshauri wa kumtembelea, usomaji huimarika. Wingi wa wanafunzi ni kizuizi, si udhuru.

Wajibu wetu

Ninamalizia nyumbani. Katika idara zetu usomaji wa mtoto huhesabiwa kuwa kazi ya vyuo vya walimu na ya watunga mitalaa. Sisi tunachanganua "hawatatusomea" ubaoni, tunazitaja mofimu zake saba, tunapewa alama, tunafuta ubao. Hatujiulizi mtoto wa Gredi ya Tatu anakutana na neno hilo vipi. Orodha ya viambishi na mizizi inayojitokeza sana katika vitabu vya watoto ingeweza kuandaliwa na wanafunzi wa uzamili katika muhula mmoja. Uchunguzi wa mahali watoto wanapokwama katika vitenzi virefu ungefaa tasnifu nyingi kuliko uhakiki wa kumi wa riwaya ileile. Chama chetu kingeweza kuwapeleka wanachama katika shule jirani, mara moja kwa juma, wakiwa na katoni na kalamu.

Nilikaa na mwanafunzi yule kwa majuma yaliyosalia ya mazoezi yangu, dakika chache kabla ya gwaride. Tulikata vitenzi, tukaviunga, tukavikata tena. Siku za mwisho alisoma "walipowasili" kwa pumzi moja, akatua, akaniambia bila ya kuulizwa: "Kumbe walikuwa wamefika, mwalimu." Hakuwa amepona kila udhaifu, na muda wangu ulikwisha kabla ya kazi. Lakini alikuwa ameuvuka mlango ambao alikuwa ameusimamia kwa miaka sita, nasi wenye ufunguo tulikuwa chuoni, tukiuchorea vielelezo.